Msumari wa Pipa la Nyuma

Nyumba ya mapipa,
Mlango wa uani, kando ya karakana ya vioo.
Jumapili, tarehe kumi na mbili, mchana.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako wote mnaoamka gizani kukanda unga. U hali gani? Mkono uliouunguza kwenye trei umepona? Uliandika kwamba ni kovu dogo tu, lakini nakujua. Wewe hata mguu ukivunjika utasema umeteguka. Kama bado unauma, nenda kwa daktari, usingoje mpaka uvimbe.

Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la karakana, na chupa ya dawa ameificha nyuma ya birika akidhani hatujui. Anakusalimu na kusema kwamba Mama Mkubwa wako bado yu hai, mbona humwandikii barua? Mume wangu, binamu yako, amenenepa na lawama zote ananitupia mimi. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la vizibo, kwa hiyo sasa tukitaka kizibo tunaomba ruhusa.

Baba yako magoti yanamsumbua akishuka ngazi za ghala, ila vinginevyo mwili wake ni mzima. Nimeandika "mwili wake ni mzima" nikasita, maana mwenyewe hakubali hivyo siku hizi, na kisa ni mimi. Nitafika huko. Niache kwanza nimalize salamu, kwa sababu nikianza na hilo sitaweza kukuuliza habari ya kitu kingine chochote.

Hongera kwa tanuri. Tumefurahi mno kusikia kwamba mwenye jiko amekukabidhi funguo na kwamba mikate ya asubuhi sasa inatoka kwa amri yako. Mama amewatangazia majirani wote. Fundi vioo anasema sasa analijua tanuri lako kuliko anavyoijua karakana yake. Mimi nililia kidogo, lakini unanijua, mimi hata harusi za watu nisiowajua nalia.

Sasa nipige moyo konde.

Baba yako, Baba Mdogo wetu, ameniagiza nikuandikie urudi nyumbani. Anataka uliache tanuri uje ushike kikombe cha kuonja bia, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, ulimi wake umekufa. Juma lililopita aliniketisha mezani akanitajia la kuandika. Nikaliandika kwa mwandiko mzuri, nikamsomea, akaridhika, akaniambia nikanunue stempu. Barua ile haikufika posta. Jana nimeichana nikawashia jiko. Hii unayoisoma nimeiandika kwa kichwa changu, na yaliyomo hakuna aliyeyasikia, hata mume wangu ninayelala naye kitanda kimoja.

Ulimi wa baba yako haujafa, Dada. Ni mzima kama siku zote. Mimi ndiye niliyemfanya aamini umekufa.

Unalikumbuka pipa la nyuma, lile mlilolijaza wewe na yeye kabla hujaondoka, la mbao nyeusi lililokuwa la mvinyo? Ulilipiga kofi la kwaheri ukasema likae kwa adabu. Limekaa kwa adabu kuliko mimi. Ile shayiri na ngano mliyoipika ilichachuka taratibu humo ndani kwa hamira ya porini, ikaota utando wake mweupe juu, utando ukaanguka, bia ikatulia. Kila msimu Baba Mdogo alikuwa akivuta mara moja msumari unaoziba tundu dogo la usoni mwake, anakinga kiasi cha kulowesha ulimi, anaurudisha.

Wewe hayo ulikulia ndani yake, lakini mimi niliyeletwa kwenye ghala ukubwani ilinibidi nifundishwe. Alinieleza kwa uvumilivu. Kila tone linalotoka kwa mbele huacha nafasi ndani, na nafasi hiyo hujazwa na hewa. Hewa kidogo hulea bia ya pipa, hewa nyingi huigeuza siki. Ndiyo maana haonji ovyo. Na akishaona pipa limeiva huchukua chaki akachora duara kuuzunguka msumari, na tangu hapo mpaka siku ya kuchanganya bia za mapipa hakuna mkono unaougusa, wa kwake ukiwemo. Wala hasemi alichoonja. Hata umbembeleze vipi, hasemi. Anataka siku ya kuchanganya kila mtu aje na ulimi wake mwenyewe.

Siku alipolichorea duara pipa la nyuma mimi ndiye niliyeshika glasi na taa. Alionja, akaonja tena, halafu akacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka utani wa zamani. Akachora duara. Tukapanda ngazi, na njia nzima alikuwa akiimba kwa pua. Kisha akaanza kuwaambia watu kwamba mwaka huu wasikose.

Katika siku hizohizo aliniambia kwamba ulimi wangu umeanza kuamka. Basi, Dada, kichwa kikavimba. Wewe na wenzako mlinibandika jina la Kijiko kwa sababu hapakuwa na sufuria niliyoipita bila kuchovya, na sasa mtu mzima mwenye kazi yake anasema uchovyaji wangu ni kipaji! Nikajiona nimefika.

Nilianza akiwa amelala mchana. Nilishuka na glasi moja ndogo nikauvuta msumari wa pipa la nyuma. Nilijiambia najifunza, na siku ile ya kwanza labda ilikuwa kweli. Nilitaka kujua alichokiona hata akacheka. Nilirudisha msumari, nikapangusa, nikapanda juu.

Kisha akaja msusi kuniletea mafuta ya nywele, akaniuliza kazi ya kuonja inakuwaje. Ningeweza kumwonjesha pipa lolote la mbele. Nikampeleka la nyuma. Kisha akaja mwalimu wa jirani, akasema naieleza bia kama mtu aliyeisomea. Wallahi neno lile lilinilevya kuliko bia yenyewe. Baada ya hapo kila aliyebisha hodi mchana alishushwa ghalani. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini. Nimesimama mbele ya mapipa, nazungusha glasi, nakunja macho, nasema naona ngozi ya tandiko, naona sijui pilipili nyeupe kwa mbali, na watu wanaitikia kwa heshima, nami naongeza chumvi.

Duara lilifutika kwa kugusana na mkono wa blauzi yangu. Nililichora upya kwa chaki ya Mama ya kukatia nguo. Hilo naliandika polepole, maana ndilo linalonitia haya kuliko yote. Kuonja naweza kujitetea kwamba ni tamaa. Kumchorea mzee duara lake la uongo sina pa kujitetea.

Tundu likalegea. Msumari ukawa unacheza, na bia ikawa inatoka kama machozi kwenye uso wa pipa. Nikapaka nta ya mshumaa. Pipa lile liko safu ya chini kabisa na baba yako magoti hayamruhusu kuinama huko bila sababu, kwa hiyo hakuona. Mara ya mwisho nilipoonja kulikuwa na kitu kikali kinachopanda puani. Msusi, ambaye bia haijui kabisa, alisema inanukia kama dukani kwake, kwenye meza ya rangi za kucha. Nikamcheka. Nikamwambia ndiyo ukomavu wenyewe huo. Sikio la kufa, Dada, halikusikia dawa hata ilipotoka kwa msusi.

Siku ya kuchanganya ikafika. Baba Mdogo alinyoa ndevu asubuhi na kuvaa lile koti lake lenye viraka vya viwiko. Waliokuja ni mama wa mgahawa, ambaye huchukua mchanganyiko wetu kila mwaka, na mwalimu, na fundi vioo na mkewe, na mzee mmoja mwenye duka la vyombo ambaye huja kwa ajili ya maneno zaidi ya bia. Msusi alikuwa na wateja. Tulipanga glasi kwenye meza ndefu, na katikati tukaweka jagi la bia changa ya shamba, ile nyepesi na kavu ya aina waliyokuwa wakipikiwa wavunaji, ambayo ndiyo hutiwa bia ya pipa ili kuipa moyo. Mimi asubuhi nilikuwa nimeshaikwangua nta kwa kisu cha jikoni na kuulowesha mkono wangu wa kulia kwa sabuni ili usinuke. Kwa hiyo usiseme sikujua.

Mapipa ya mbele yalikwenda vizuri sana. Moja lilikuwa na uchachu wa maziwa yaliyoganda, laini, mama wa mgahawa akafumba macho. Jingine lilikuwa kali na la mbao nyingi, mzee wa vyombo akasema linamfanya ahisi amelamba kabati la nyanyake, watu wakacheka. Baba Mdogo alikuwa akipima matone kwenye bia ya shamba, anaongeza, anapunguza, anaonja, anatema kwenye ndoo, uso unang'aa. Nilimwona ni kijana. Kisha akasema wanyamaze kidogo, sasa wanakwenda kwenye pipa lililowaleta.

Alikaa kwenye kigoda mwenyewe, akavuta msumari mwenyewe. Uzi wa bia ukaingia kwenye glasi. Akaiinua kwenye mwanga, akainusa, na hapo nikauona uso wake ukibadilika, ukishuka taratibu. Akaonja. Akatema. Akaonja tena, safari hii akiwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza. Akampa mama wa mgahawa, ambaye kwa adabu yake alisema imekuwa kali kidogo. Fundi vioo hana adabu hiyo. Aliuliza kama tumwitie mtu alete kachumbari.

Walicheka, kwa kuwa walidhani ni utani wa kawaida. Baba Mdogo alisubiri wamalize. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia ufunguo: "Kuna mtu aliyeugusa huu msumari?"

Mimi nilikuwa nimeshika sinia la glasi. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza na aliniangalia moja kwa moja. Alikuwa ananingoja niseme, Dada. Alinipa muda. Nami nikafumbua mdomo nikasema, "Hapana, Baba Mdogo. Nani athubutu?"

Ningesema "hapana" tu ingetosha. Lile "nani athubutu" sijui lilitoka wapi. Mwalimu akainamisha macho kwenye glasi yake na tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyosalimia watu wa ofisini.

Baba Mdogo alikubali neno langu papo hapo. Hakuwa na shaka hata kidogo. Na kwa kuwa alikubali, hesabu yake ikawa rahisi. Kama hakuna aliyeligusa pipa, basi lilikuwa limekwisha kuharibika siku ile aliyolichorea duara, na yeye alilionja likiwa bovu akaliita zuri. Akawaeleza hivyo wageni. Akasema, "Basi ni mimi. Ulimi umekufa na sikupata habari." Kisha akasimama, na magoti yale, akamwendea mmoja mmoja akimwomba radhi kwa kumpotezea siku. Mmoja mmoja, Dada. Mke wa fundi vioo alikuwa hajui atazame wapi. Alipofika kwangu aliniomba radhi na mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimehangaika na glasi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nayo ikakataa, na nisingeilaumu.

Tangu siku hiyo hajashuka ghalani. Lakini ningevumilia hilo kuliko ya mezani. Mtu aliyekuwa akitambua kwa kutafuna tu kwamba mkate umebadilishiwa duka, siku hizi akiletewa chakula anamwuliza Mama kama kina chumvi. Mama alidhani ni mzaha, akamjibu kwa mzaha. Keshoye akauliza tena. Chai anauliza kama imetiwa sukari. Akijibiwa ndiyo, anakunywa, akijibiwa hapana, anaweka, na haonyeshi kwamba mwenyewe ana maoni. Siku moja alinusa maziwa kwenye jagi akaniuliza kama yameharibika. Nilinusa, sikusikia kitu. Jioni maziwa yakakatika. Nilimkimbilia kumwambia kwamba alikuwa amesikia kabla yangu, akanitazama kwa huruma akasema namfariji tu.

Pale ndipo palikuwa pangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikafumbua mdomo, huu mdomo wangu usioweza kufunga siri ya mtu yeyote mtaa mzima, nikaomba aniazime kikapu.

Na bado sijamaliza. Aliponiagiza nikuandikie alisema kwamba mpaka wewe ufike, mimi nitashika kikombe. Alikitoa mfukoni mwa koti akanikabidhi, akasema Kijiko mwanangu, ulimi wako uko macho, uangalie nyumba. Cheo nilichokuwa nikijivisha mchana akiwa amelala nimevishwa na yeye mwenyewe akiwa macho. Nimekiweka rafuni na nikipita hapo nageuza uso.

Waliosema mchuma janga hula na wa kwao walikuwa wamenitazama mimi. Hili janga nimelichuma peke yangu, na sasa anakula baba yako, na ningeiposti barua ile ungelikula na wewe, ungemrudishia mtu funguo za tanuri na kupanda gari kuja kuokoa ulimi ambao hauumwi. Ndiyo sababu nimeichana. Usije kwa ajili hiyo. Njoo kututembelea, njoo utuletee mkate, lakini kwa ajili hiyo usije.

Nikuambie na ubaya mwingine ili ujue unaandikiwa na nani. Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Nilitaka nikuombe wewe umwandikie kwamba mapipa mengine hufa yenyewe, kwamba umesikia huko kutoka kwa wajuzi, kwamba mbao za mvinyo zina tabia hiyo. Angekuamini, wewe ni mwanawe. Ningebaki mkwe mwema wa watu, mwenye ulimi ulioamka, na yeye angerudi ghalani. Sentensi nilikuwa nimeshaipanga. Nimeitazama karatasi muda mrefu nikaona ninataka wewe ndiye upake nta safari hii.

Nimeacha kalamu kidogo hapa. Baba Mdogo ameamka na ameniona kupitia dirishani. Ameuliza kama bado ni ile barua yako. Nimesema ndiyo. Anasema nimsomee, kwa sababu anaona nimeongeza kurasa na hakumbuki kama alikuwa na maneno mengi hivyo. Amekaa kwenye benchi la uani, paka yuko miguuni. Naenda, Dada. Nikingoja nitafute ujasiri hautakuja.

Jua limeshuka. Nimemsomea.

Nilisoma yote, tangu mkono wako mpaka hapo kwenye nta. Sikuruka hata neno. Alisikiliza amefumba macho. Pale kwenye chaki ya Mama aliinua mkono, nikanyamaza, nikadhani basi. Akaushusha akasema niendelee. Nilipomaliza nilipiga magoti na kuomba radhi, na hakuniambia niinuke wala nibaki, kwa hiyo nilibaki.

Baadaye alisema, "Pipa si kitu. Mapipa mengi yamefia mikononi mwangu na nimeyazika." Kisha akasema, kwa sauti ileile ya chini, "Lakini mimi siku zote hizi nimekula chakula nikiona haya mbele ya sahani yangu. Siku hizo utanilipa kwa kitu gani?"

Nimeliandika swali lake kama alivyolisema kwa sababu nataka liwepo mahali.

Akasema kwamba wale aliowaomba radhi nitawaendea wote, nyumba kwa nyumba, na kuwaambia kwamba radhi ile haikuwa deni lake. Nimekubali. Nimeanza na fundi vioo kwa kuwa ni ukuta kwa ukuta. Nilitegemea utani. Aliniacha mlangoni nimesimama, akavuka kwenda uani kwetu na vumbi lake la vioo mwilini, na nilimsikia akimwambia Baba Mdogo kwamba lile neno la kachumbari amelijutia tangu siku ile. Kesho nakwenda kwa mama wa mgahawa, kisha kwa mzee wa vyombo. Mwalimu nimemweka mwisho, si kwa heshima, ni kwa woga.

Nilidhani amemaliza na mimi. Nilipokuwa nikiinuka aliniita, si kwa jina la Kijiko. Aliniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Alitaka kujua, mara ya kwanza nilipovuta msumari, kabla ya wageni, kabla halijaanza kuharibika, pipa lilikuwa na ladha gani.

Safari hii sikuzungusha glasi. Nilimwambia ukweli kadiri nilivyokumbuka. Nilimwambia kwamba uchachu wake haukukunja uso, ulifika polepole kutoka pembeni, kama tufaha la kijani ukiling'ata bila haraka. Kwamba katikati kulikuwa na nyasi zilizolaliwa na mvua, na chini yake chumvi kidogo sana ambayo sikuelewa imetoka wapi. Na kwamba mwishoni kulikuwa kukavu kabisa, mdomo safi, na nilitaka kucheka bila kujua kwa nini.

Alinisikiliza mpaka neno la mwisho. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo, kama mtu anayefuatisha sala anayoijua.

"Na ile chumvi?" akauliza. "Uliisikia?"

Nikasema niliisikia.

"Basi ndivyo nilivyoonja mimi," akasema, akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilitaka kumshika, nikaona sina haki hiyo leo. Nikamwita Mama akakaa naye.

Ameniagiza nikuambie haya. Baki kwenye tanuri lako. Mkono uutibu. Na barua nisifute kitu, iende kama ilivyo. Kuhusu mimi hajasema lolote, nami sikumwuliza. Kikombe nimekirudisha mfukoni mwa koti lake.

Mama anakusalimu sana na anasema ana maneno yake na mimi usiku huu, kwa hiyo uniombee. Mume wangu anakusalimu, naye bado hajui kwa nini nimevimba macho. Wasalimie wenzako wa jikoni, hasa yule bibi anayekufundisha kusuka mkate. Mungu akulinde na moto na haraka, akupe usingizi unaokutosha, na kila unachokitoa tanurini kikutoke kimeiva. Ukiniandikia unikemee, nitashukuru. Ukinyamaza nitaelewa pia.

Mimi wako nikupendaye, ninayekuandikia leo nimeinamisha uso,

Mdogo wako.